Kitufe Kiseme Nini? Kazi ya Mwandishi wa UX na Mbunifu wa Maudhui

ZUHURA: Karibuni kipindini. Leo tunaingia kwenye kazi ya mwandishi wa UX, yaani uzoefu wa mtumiaji wa programu au tovuti, na mbunifu wa maudhui: watu wanaoamua kitufe kiseme nini, hitilafu ielezwe vipi, na wakati mwingine wanaamua kwamba skrini nzima haina haja ya kuwepo. Kaka Baraka, tuanze na mfano wenyewe.

BARAKA: Haya. Mtu anataka kughairi agizo. Kinatokea kisanduku: “Una uhakika unataka kughairi?” Chini yake vitufe viwili, “Ghairi” na “Sawa”. Abonyeze kipi?

ZUHURA: Hapo atakwama. “Ghairi” huenda ni kughairi agizo, huenda ni kuachana na wazo la kughairi.

BARAKA: Na ataganda hapo huku pesa zake ziko hatarini. Kichwa kitaje kitu, vitufe vitaje kitendo: “Ughairi agizo hili?”, halafu “Ghairi agizo” na “Baki na agizo”. Asiyesoma kichwa ataelewa. Asiyeona, anayetumia kisoma skrini, programu inayomsomea skrini kwa sauti, na kuruka kutoka kitufe hadi kitufe, naye atasikia maana kamili.

ZUHURA: Ila mimi ningeanzia nyuma zaidi. Kabla mtu hajabonyeza, anataka kujua kama atarudishiwa pesa, na lini. Mwandishi akimuuliza mhandisi, halafu akawauliza watu wa fedha, mara nyingi anakuta hakuna aliyeamua. Kuulazimisha uamuzi huo ufanyike ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii, na ndiyo isiyoonekana.

BARAKA: Jina la ubunifu wa maudhui lilienea kutokana na fikra hiyo hiyo, ya kuanza na swali la mtumiaji. Uingereza, timu ya GOV.UK, tovuti ya serikali iliyozinduliwa 2012, iliacha kuchapisha kila ambacho idara ilitaka kusema, ikaanza na anachohitaji mtumiaji. Ukifungua ukurasa wao wa sikukuu za umma unakuta tarehe ya sikukuu inayofuata kwa herufi kubwa. Hakuna utangulizi. Maudhui yanaweza kuwa aya, kikokotoo au tarehe moja tu.

ZUHURA: Na neno likikaa mahali pake, matokeo yanapimika. Google walieleza katika mkutano wao wa wasanidi wa 2017 kwamba kwenye utafutaji wa hoteli, kitufe kilichomwambia mtu aweke nafasi ya chumba kilibadilishwa kikamwambia aangalie kama nafasi zipo. Ushiriki ukapanda kwa asilimia 17. Mtu alikuwa bado anatafuta, hajafika kwenye kuamua, na kitufe cha kwanza kilikuwa kinamharakisha.

BARAKA: Twende kwenye hitilafu, maana hapo ndipo mwandishi mzuri anajulikana. Malipo yamekwama, skrini inasema: “Kuna tatizo. Jaribu tena.” Kuna ubaya gani?

ZUHURA: Akijaribu tena anaweza kulipa mara mbili. Kuna hali tatu, na kila moja inahitaji ujumbe wake. Pesa hazijakatwa: mwambie hivyo waziwazi, mpe kitufe cha kulipa upya. Pesa zimekatwa lakini agizo halijaingia: mwambie zimekatwa, na nani anashughulikia. Ya tatu ndiyo inayosahaulika, pale mfumo wenyewe haujui bado: “Malipo yako yanathibitishwa. Usilipe tena. Tutakujulisha jibu likipatikana.” Na usiandike “ndani ya dakika 5” kama mhandisi hajakuthibitishia hizo dakika.

BARAKA: Naomba niongeze la SMS, kwa sababu linakula bajeti kimyakimya. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160 za kawaida. Ikiingia alama moja tu nje ya orodha ya herufi hizo, ujumbe wote unashuka hadi herufi 70. Sasa andika “ng’oa” kwenye programu ya hati: ile alama ya juu inajigeuza yenyewe kuwa ya kujipinda, na hiyo haimo kwenye orodha. Ujumbe mrefu ukigawanywa, kila kipande kinabaki na herufi 67. Kwa hiyo ujumbe wa herufi 150, uliotakiwa kuwa mmoja, unatumwa kama vipande vitatu.

ZUHURA: Na unalipiwa vitatu. Kosa jingine linalotoka kwa wahandisi ni kuunganisha vipande vya sentensi. Wanaandika “imefutwa” mara moja, kisha mfumo unabandika jina mbele. “Picha imefutwa” iko sawa. “Ujumbe imefutwa”, “kitabu imefutwa”, hapo tumeharibu. Waombe sentensi nzima kwa kila kitu, hata kama orodha itakuwa ndefu.

BARAKA: Sasa anayetaka kuingia kwenye kazi hii. Tuseme potifolio, mkusanyo wa kazi zake wa kumwonyesha mwajiri.

ZUHURA: Miradi miwili au mitatu inatosha, ila iwe na kina. Kwa kila mmoja onyesha skrini ilivyokuwa, nani alikwama na wapi, vikwazo vilivyokuwepo, matoleo uliyoyakataa na sababu ya kuyakataa, ndipo toleo la mwisho. Waombaji wengi wanaleta skrini nzuri za mwisho tu. Anayeajiri hawezi kujua kama ulifikiri au ulibahatisha.

BARAKA: Na asiye na mwajiri bado?

ZUHURA: Achukue fomu halisi inayowasumbua watu. Aketi na watu watano, mmoja mmoja, awape kazi ya kukamilisha, anyamaze. Asiulize “umependa?”, kwa sababu watu watajibu ndiyo kwa adabu. Aulize kabla hawajabonyeza: “Unadhani kitatokea nini?” Jibu lisilolingana na kinachotokea kweli ndilo tatizo lake la kwanza kuandikia.

BARAKA: Na aandike ndani ya Figma, programu ya kubunia skrini, kwenye skrini yenyewe. Maneno yanayopendeza kwenye hati yanaweza kukatika katikati ya kitufe. Ajaribu pia kwa maandishi yaliyokuzwa, kama wanavyoyatumia wenye macho dhaifu.

ZUHURA: Wengine wanauliza kama akili mnemba itaichukua kazi hii. Inatoa rasimu kumi za kitufe mara moja, na zinafaa kuanzia. Lakini haijui kama pesa zimekatwa mpaka mtu aende kuuliza. Anayejiuza kwa kupamba maneno pekee yuko mahali pabaya. Anayejua kuuliza ana nafasi.

BARAKA: Kwenye jaribio la usaili pia. Ukipewa skrini uiandike upya, anza kwa kuorodhesha usiyoyajua na dhana unazozitumia, kisha andika. Wasomaji wa majaribio wanaitafuta sana hiyo orodha.

ZUHURA: Na wewe uwaulize: mwandishi anaingia hatua gani ya mradi? Wakikujibu kwamba anapitia maneno siku chache kabla ya kuzindua, waulize mara ya mwisho mwandishi alipobadilisha mtiririko wa skrini ilikuwa lini. Wakikosa mfano, ujue utakuwa unasahihisha tahajia, na mshahara uupime kwa kazi hiyo.