Gemu la Pili Limepanuka, Upelelezi Umepungua

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana mliotoka Shangani, Chikongola na kule Mikindani, hamjambo? Nimeombwa nizungumzie gemu mbili za Batman, shujaa wa hadithi anayepambana na wahalifu, zilizotengenezwa na Rocksteady Studios ya London: Arkham Asylum ya mwaka 2009 na mwendelezo wake, Arkham City, uliotoka 2011. Wengi mnaocheza vibandani mnasema la pili ndilo kali. Kwa mapigano, nakubaliana nanyi. Kwa upelelezi sikubali hata kidogo.

Tuanze na la kwanza. Hadithi yote iko kisiwani, kwenye hospitali ya wahalifu wenye wazimu ambayo Joker, adui mkubwa wa Batman, ameiteka usiku mmoja. Kamishna wa polisi, Gordon, anachukuliwa mateka, na mlinzi aitwaye Frank Boles amewasaliti wenzake. Boles ni mlevi. Basi Batman anapima chembechembe za pombe zilizobaki hewani, na wewe mwenye padi ya kuchezea unazifuata korido kwa korido. Baadaye unafuata tumbaku ya kiko cha Gordon mwenyewe. Angalieni ufundi huo: ushahidi umetoka kwenye tabia ya mtu. Huwezi kumfuata Boles bila kumjua Boles ni mtu wa namna gani.

Halafu yupo mhalifu Scarecrow na dawa yake ya hofu. Kuna mahali picha inakwaruza, inaganda, kisha gemu linaanza upya kama vile mashine imezimika. Kibandani nimeona mtu akiinuka kwenda kukagua waya. Kumbe ni gemu lenyewe: safari hii Joker ndiye anayeendesha gari, na Batman ndiye mfungwa. Mimi sijaona tukio la kulifikia hilo katika lile la pili.

Kasoro zipo. Jicho la upelelezi, lile linaloonyesha mifupa ya maadui hata nyuma ya ukuta, lina manufaa mno, mtu analiwasha mwanzo asilizime tena. Na pambano la mwisho na Joker aliyevimba kwa Titan, dawa inayomgeuza mtu kuwa jitu, ni dhaifu.

Sasa Arkham City. Sehemu ya mji wa Gotham imezungushiwa ukuta na kugeuzwa gereza chini ya Profesa Hugo Strange, nawe unapaa juu ya mapaa utakavyo. Raha kweli. Lakini fikirini Mikindani na Mtwara mjini. Mikindani unakijua kila kichochoro. Kitu kikihama, unagundua. Mtwara mjini, iliyopangwa na Waingereza miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga, ina nafasi kubwa ya kupotelea. Kisiwa cha lile la kwanza unakirudia mpaka unakizoea, ndiyo maana mimea ya Poison Ivy, mhalifu anayeitawala mimea, ikikivamia unashtuka.

La pili lina tukio zuri mahakamani: risasi inapigwa kumlenga Catwoman, yule mwizi wa kike, Batman anaunganisha alama za risasi hiyo na kupata mstari unaoelekea mnara wa kanisa. Zuri, ila ni la dakika chache, kisha simu ya barabarani inalia, na kuna genge la kupiga chini. Mafumbo ya Riddler, mhalifu anayetega vitendawili, yametoka 240 hadi 440. Kukusanya sana si kuchunguza.

Pambano la Mr. Freeze, mhalifu wa barafu katika lile la pili, hapo nawavulia kofia. Kila mbinu inamwingia mara moja tu. Ukimvamia kutoka chini ya sakafu, anajifunza, anaziba njia hiyo, unalazimika kubuni nyingine. Natamani mtu aitie akili hiyo kwenye ushahidi: mhalifu uliyemfuata kwa tumbaku, mara ya pili asivute kabisa, nawe utafute tabia yake nyingine. Vijana mnaojifunza kuandika programu, hilo halihitaji mji mzima wala picha za gharama. Nyumba moja na watu watano wanatosha. Anayetaka kulijaribu anione baada ya maswali, tuanze kupanga hao watu watano ni akina nani.