Gugu la kutambaa kwenye ukoka: shika shina kabla hujaanza kung'oa

Haya wadau wa bustani karibuni tena, leo tupo Raskazone hapa Tanga, uani kwa watu kwenye nyumba ya zamani yenye miembe mikubwa, na mwenye nyumba kaniita kwasababu ukoka wake unaisha. Ukisimama pale getini unaona kijani tupu unasema mbona pazuri, ila dogo hebu shusha simu chini, shusha kabisa mpaka usawa wa nyasi, hapo hapo. Mnaona? Nusu ya hicho kijani sio nyasi, ni vijani vya mviringo vinatambaa vinapita juu ya ukoka na chini yake, na kila vinapogusa udongo vinashika mizizi.

Sasa mwenye nyumba alipiga picha akaiweka kwenye apu ya kutambua mimea, apu ikamwambia hii ni ground ivy, jina la kitaalamu Glechoma hederacea, akaingia mtandaoni akakuta Wamarekani wanalia nayo, akaanza kuulizia dawa wanazotumia wao. Hapo ndio pa kuanzia leo, maana apu imeona sura ya jani kutoka juu basi, haijashika kitu wala haijanusa, na wewe vidole unavyo na pua unayo.

Hatua ya kwanza, shina. Kata kipande cha mtambao, usichukue jani peke yake, chukua na shina lake. Alafu nenda kachume kitawi cha mrehani, kama huna mrehani kivumbasi kile cha kufukuzia mbu kinafaa, uani Tanga hapa hukosi kimoja wapo. Shika shina la mrehani kwa kidole gumba na cha shahada ulizungushe taratibu, unasikia linakwama kwama? Lina kona nne lile. Ground ivy ni ukoo mmoja na mrehani na minti, kwaiyo na yenyewe shina lake ni la pembe nne, majani yanakaa mawili mawili yakitazamana, na jozi inayofuata inakaa upande mwingine. Ukilisaga jani harufu inapanda puani moja kwa moja. Maua yake ni ya zambarau yanayoelekea bluu, kama tarumbeta ndogo.

Haya sasa shika hili letu la hapa. Nalizungusha... linateleza tu, mviringo huu, kona hakuna. Majani nayo angalia, hayatazamani mawili mawili, yanachomoza kwa fungu kwenye fundo moja, kila jani na kikonyo chake kirefu chembamba kimesimama wima. Jani lenyewe umbo la figo, kingo zina meno ya mviringo, na hapo ndio apu ilipopigwa chenga kwasababu ground ivy nayo ina umbo la figo na meno yale yale. Nasaga... nanusa... majani mabichi tu, ile harufu kali haipo. Ua lake tulitafute chini kabisa huku, linajificha, dogo zumu kidogo, ni kadogo mno kanaelekea upinki, hata kujaza kichwa cha kiberiti tabu. Hii wadau ni Centella asiatica, ukoo wake karoti na giligilani, na inapenda sana nchi za joto zenye unyevu. Ground ivy kwao Ulaya, wahamiaji wazungu ndio waliipeleka Amerika, tena zamani Waingereza walikuwa wanaitia kwenye pombe yao kabla hawajazoea hopsi, yale maua yanayotia uchungu kwenye bia. Ni mmea wa nchi za baridi ule, hapa pwani kwa joto hili usitegemee kuukuta.

Na kabla hujasema kila kijani cha mviringo ni Centella, angalia kikonyo kimeshikia wapi. Kikiwa kimeshika katikati ya jani kwa chini kama mti wa mwavuli, hiyo ni Hydrocotyle, nayo inataka maji maji. Jani likiwa la mviringo na kingo zake laini hazina meno kabisa, yawezekana ni Dichondra. Na yale ya ufukweni yenye jani limepasuka ncha na ua la zambarau, yanatoa utomvu mweupe, yale achana nayo kabisa, yanashikilia mchanga usiende na bahari.

Najua kuna dada zangu wameshaniuliza kwenye kamenti, ndio hiyo hiyo Centella iliyoandikwa kwenye krimu za uso za Korea. Na Sri Lanka ni mboga, wanaikatakata mbichi wanachanganya na nazi iliyokunwa. Ila hii ya uani kwako panapomwagwa maji ya kufulia usile, na usipake usoni ukasema nimekwambia mimi.

Sasa kwanini imejaa hapa na kule upande wa geti hakuna? Nifuateni. Huyu mwembe unafunika jua toka asubuhi, na ukoka bila jua haukai, unakonda unaacha udongo wazi. Alafu angalia ukutani, bomba la AC linadondosha tone tone mchana kutwa usiku kucha, udongo hapa hata kiangazi ni tope. Kivuli kipo, maji yapo, na juu yake kijana wa slesha anakwangua mpaka udongo unaonekana. Ukoka unaumia, hii imelala chini slesha inapita juu yake, na vile vipande vinavyokatika ukiviacha kwenye unyevu vinaota upya. Mimi ningeanza na hilo bomba kabla ya dawa yoyote ile, weka mpira yale maji yaende kwenye migomba.

Kung'oa sasa. Mwagia maji jioni au subiri mvua, masika hii wala huhitaji kumwagia. Usivute jani, jani litakatika kikonyo mizizi ibaki inakucheka. Tafuta mtambao, fuata mpaka kwenye fundo, chomeka kisu cha zamani pembeni ya fundo nyanyua, hivi, unaona limetoka na kimzizi cheupe? Nenda fundo linalofuata. Ni kazi ya kukaa kwenye kigoda, siwadanganyi, ila ukiifanya hivi unamaliza eneo. Unachong'oa tia kwenye kiroba, kianike juani mpaka kikauke kabisa, usitupe kwenye shimo la mboji kikiwa kibichi.

Dawa zipo. Glaifoseti inaua vyote na ukoka wako unaenda nao. Zipo za majani mapana zinazoacha nyasi, zenye 2,4-D, na wale wa Marekani kwa ground ivy yao wengi wanasifia triklopiri, lakini soma lebo kwanza kama inaruhusiwa kwenye nyasi za aina yako, na usipige upepo wa kusi ukivuma maana mpapai na nyanya za jirani zinaungua alafu mnaanza kutoleana maneno. Chumvi wajameni hapana. Najua Tanga chumvi si ghali, ila ukiimwaga hapo hata huo ukoka hautaota tena.

Palipobaki wazi jaza udongo kidogo, pandikiza vipande vya ukoka pale jua linapofika, punguza matawi ya chini ya mwembe, na mwambie kijana wa slesha aache nyasi ndefu kidogo. Chini kabisa kwenye shina la mwembe usilazimishe ukoka, mwaga kokoto. Mvua ikipiga tena rudi pale pale na kisu chako, mafundo yaliyobaki yatakuwa yametoa vijani viwili vitatu, ving'oe siku hiyo hiyo udongo ukiwa bado laini.