Kasi ya Majivu Haipatikani kwa Chekeche

Ndugu wasikilizaji, jambo hili nimelisema katika kumbi nyingi na leo nalirudia: kasi ya chembe ya majivu ya volkano inapoanguka hewani hupimwa, haikisiwi kwa matundu ya chekeche. Kanuni ya Stokes ya mwaka 1851, ambayo nyote mnaijua, hukokotoa kasi ya kuanguka kutokana na kipenyo, kama kile mnachokisoma kwenye chekeche, lakini ni ya tufe. Yatazameni majivu kwa hadubini, mtaona vigae vyembamba vya kioo vyenye ncha kali, vilivyobaki baada ya viputo vya gesi kupasuka.

Mtu ataniambia kwamba kwa chembe ndogo umbo halina maana, kwa kuwa mnato wa hewa ndio unaotawala. Si kweli hata kidogo. Chukueni kibapa chembamba cha mviringo: kikishuka kifudifudi, kasi yake ni theluthi mbili tu ya ile kinayopata kikishuka kwa ukingo. Kitu ni kilekile na uzito ni uleule, na hakuna nguvu inayokilazimisha kugeuka, hivyo hushuka kwa mkao kilioanza nao, na kikiwa kimeinama huenda pia upande. Mnaponiletea wastani mmoja, mmeutoa katika mkao upi?

Ugumu wenyewe wa kupima, tunapodondosha chembe ndani ya bomba la kioo na kuzifuata kwa kamera, uko kwenye hewa. Tufe la majivu lenye kipenyo cha mikromita 10 hushuka takriban milimita 7 kwa sekunde. Taa ya kamera ikipasha moto upande mmoja wa bomba la kioo, hewa ya upande huo huweza kupanda kwa kasi kubwa kuliko hiyo, na chembe mliyotarajia ishuke mtaiona ikipaa. Kwa hiyo bomba lizibwe juu na chini, taa imulike kwa mmweko, na chembe zidondoshwe chache chache, kwani zikimwagwa pamoja huiburuta hewa na kushuka kama wingu, kwa kasi isiyo ya hata moja kati yake.

Anayeona haya ni mambo ya maabara akumbuke Aprili 2010, Eyjafjallajökull ilipolipuka nchini Iceland na safari za ndege zipatazo 100,000 zikafutwa. Kutoka kilomita 10 angani, tufe lile huhitaji takriban wiki mbili kufika ardhini katika hewa tulivu. Kasi ikipungua kwa theluthi, huongezeka wiki nzima ya kupeperushwa.

Chembe zinazogandamana kwa unyevu na kushuka upesi zaidi zinahitaji mhadhara wake. Kwa sasa naomba kila kasi mtakayoandika iambatane na picha ya chembe yake.