Beleshi, Tope na Mwenye Nyumba

Asanteni kwa kunikaribisha. Najua mmetoka darasani na mmechoka, kwa hiyo utangulizi nauruka, niingie kwenye mliloniitia: mwanafunzi anayejitolea afanye nini maafa yakitokea.

Nianze na tope. Tarehe 22 Februari 2011, saa saba kasoro dakika tisa mchana, tetemeko liliupiga mji wa Christchurch, New Zealand. Watu 185 walipoteza maisha. Katikati ya mji majengo yaliporomoka, lakini kwenye mitaa mingi ya pembeni nyumba zilibaki wima huku ardhi yenyewe ikigeuka uji. Mchanga ulioshiba maji ukitikiswa kwa nguvu, maji yaliyomo hubanwa, yakakosa pa kwenda, yakachipuka juu na mchanga wake hadi uani na vyumbani. Likikauka, tope hilo huwa vumbi la kukereketa koo.

Kulizoa hakuhitaji mhandisi. Kunataka mabeleshi, matoroli na migongo ya vijana. Na vijana walikuwepo, maana tetemeko la kwanza lilikuwa limepiga Septemba 2010, na mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Canterbury, Sam Johnson, alifungua ukurasa wa Facebook kuwaita wenzake wakazoe tope. Februari ilipofika, maelfu walijitokeza. Tunapenda kuusifu moyo wao, na wanastahili sifa. Mimi nawasifia zaidi kwa kuwa hawakuanza kutafutana siku ya msiba. Walikuwa wameshafahamiana.

Sasa msikasirike nikisema hivi: kwenye maafa, wengi wenu hamna ujuzi. (Wa uuguzi na ujenzi, nisameheni.) Mlicho nacho ni wingi na muda. Wingi ukipangwa, kumi mtaa huu, kumi mtaa ule, kila kumi na kiongozi wao, jioni mtaa mzima unapitika. Usipopangwa, ni mzigo. Anayefika bila maji yake, bila chakula, bila buti wala pa kulala, ameongeza mhitaji mmoja pale walipo wahitaji tele. Na kama hujachanjwa pepopunda, misumari iliyozama kwenye tope haitakuuliza umekuja kwa nia gani.

Halafu kuna jambo ambalo beleshi haliwezi. Novemba 1966 mto Arno ulifurika ukaingia Florence, Italia, hadi kwenye Maktaba Kuu ya Taifa. Vijana, wengine wageni kabisa nchini humo, walipanga mstari wakapokezana vitabu vilivyolowa, kimoja baada ya kingine. Wenyeji wakawaita malaika wa tope. Ingekuwa kuzoa tu, wangemaliza mapema. Ila ndani ya lile tope mlikuwa na kitu.

Ndivyo ilivyo hata sebuleni kwa mtu. Wewe unaona takataka, mwenye nyumba anaona daftari la marehemu mama yake. Japani, baada ya tsunami ya Machi 2011, wako waliojitolea kukaa wakiosha picha za familia zilizookotwa kwenye vifusi: unaisuuza kwa maji safi, taratibu, unaianika. Kazi ya kuchosha, wala haipendezi kupigwa picha. Lakini mtu aliyepoteza kila kitu anarudishiwa sura ya mwanawe.

Kwa hiyo kabla hujatupa, uliza. Mwenyewe akitaka kusimulia, weka beleshi chini usikilize, hata kama kiongozi wa kundi anaangalia saa. Viongozi wa makundi, hii dakika kumi iwekeni kwenye ratiba kabisa.

Karatasi ya kujiandikisha iko pale mlangoni. Ina safu ya wiki ya kwanza baada ya maafa, na safu ya mwezi wa sita tangu maafa yatokee, wakati magari ya waandishi yameshaondoka na nyinyi mna mitihani. Nimeichungulia nilipokuwa naingia. Safu ya kwanza imejaa hadi pembezoni. Ya pili ina majina mawili, na moja ni langu.