Kimo Kwanza, Wati Baadaye: Redio ya Upepo kwa Mashua Yako

Khadija: Asalaam aleikum, msikilizaji wetu, uwe uko barazani au uko chomboni. Leo tumepanda ghorofani, ofisini kwa kikundi chetu cha wavuvi hapa Lamu mjini, na huo uvumi unaousikia ni kusi inapiga madirisha. Niko na mjomba wangu, Nahodha Shee. Shikamoo, mjomba.

Mjomba Shee: Marahaba, mwanangu. Na ninyi wasikilizaji, hamjambo nyote.

Khadija: Saa 4 kamili mdogo wangu, aliyetoka alfajiri na mashua ya mjomba, atatuita kwa redio. Jana tumeshinda tukimfungia antena. Kabla hajaita, nina ujumbe wa msikilizaji wa Shela. Amenunua wokitoki mbili, kisanduku kimeandikwa kilomita 50. Moja amempa kijana wake anayevua Kipungani, nyingine anayo yeye nyumbani. Hawasikilizani hata neno moja. Anauliza: je, anunue yenye wati nyingi zaidi?

Mjomba Shee: Asinunue. Nalisema mapema asije akaenda dukani kabla hatujamaliza. Pesa zake asizitie kwenye wati.

Khadija: Na mimi nasema hivyo. Mawimbi ya VHF, haya ya redio za vyombo vya baharini, huenda kama jicho linavyoona. Yanapinda kidogo tu kuufuata mgongo wa bahari, kisha yanapita juu na kwenda zake. Kati ya Shela na Kipungani kuna matuta ya mchanga na kisiwa chenyewe. Redio ya mkononi haipenyi tuta la mchanga.

Mjomba Shee: Jahazi likitoka mbali, waona nini kwanza?

Khadija: Ncha ya tanga.

Mjomba Shee: Ncha ya tanga. Chombo chenyewe bado kimezama nyuma ya maji. Ukimpandisha mtoto mlingotini, yeye atakiona chombo kizima na wewe uliye chini huoni kitu. Redio ni hivyo hivyo. Antena ndiyo jicho lake.

Khadija: Na hesabu yake ni ya mtoto wa shule. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4. Hizo ndizo kilomita antena hiyo inazoona. Mita 1 juu ya maji, kilomita 4. Mita 4, kilomita 8. Mita 9, kilomita 12. Mita 16, kilomita 16. Halafu unajumlisha za pande zote mbili. Watu wawili wameketi ndani ya mitumbwi, kila mmoja ameshika wokitoki mita 1 juu ya maji: 4 na 4, kilomita 8, tena bahari iwe wazi. Kilomita 50 za kisanduku ni za mtu aliye juu ya mlima akizungumza na mwenzake aliye juu ya mlima mwingine.

Mjomba Shee: Na sisi Lamu mlima hatuna.

Khadija: Hatuna. Tuna mapaa na tuna boriti. Antena ya kikundi hapa juu iko mita 16. Ya mashua yako tumeisimamisha mita 4. 16 na 8 ni kilomita 24. Ukiacha antena na kumpa dogo wokitoki mkononi, zinabaki 20, na hapo bado sijasema jinsi mwili wake mwenyewe unavyoziba mawimbi akiipa ofisi kisogo.

Mjomba Shee: Niwaeleze ulikotoka moyo wangu katika jambo hili. Mwaka mmoja, kusi imekaza, injini ilituzimia nje ya mwamba wa Kiwayu. Redio tulikuwa nayo, ya wati 25, na betri nzima. Lakini antena ilikuwa imefungwa chini, ubavuni, kwa sababu ilikuwa ikitusumbua tukigeuza tanga. Niliita saa nzima. Hakuna aliyeitika. Mawimbi yanatusogeza kwenye mwamba, na nina vijana wanne ambao mama zao nawajua. Ndipo mmoja akaifungua ile antena, akaifunga kwa kamba kwenye ncha ya upondo, akausimamisha kifuani kwake kama bendera. Mara ya pili tu kuita, jahazi lililokuwa likielekea Kizingitini likaitika. Redio ile ile, wati zile zile. Kilichobadilika ni upondo.

Khadija: Alhamdulillahi. Kila nikifunga antena ya mtu naukumbuka upondo huo.

Mjomba Shee: Basi mwambie na huyu bwana wa Shela afanyeje.

Khadija: Kwanza ajue anataka kuzungumza wapi. Kama ni humu mjini, kwenye vichochoro na kuta za mawe, redio za UHF, zile za megahezi 400 na kitu, zinajipenyeza vizuri zaidi kwenye milango na madirisha. Kama ni baharini, atafute VHF ya baharini, megahezi 156, kwa sababu ndiyo meli na vyombo vingine vinavyosikiliza. Wokitoki za dukani za bei rahisi hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, hata zikikubali kupangwa kwenye masafa hayo. Chaneli 16, ile ya wito na shida, si mahali pa kujaribia kifaa kisichoidhinishwa.

Mjomba Shee: Na karatasi.

Khadija: Na karatasi, ndiyo. Redio ya kutuma na kupokea inataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Ya chombo ina leseni yake, na ya nchi kavu ina yake. Usichukue redio ya baharini ukaiweka sebuleni ukadhani ile ya mashua inakukinga. Ndiyo maana hii tunayoitumia hapa ni ya kikundi, imeombewa kibali kama kituo cha pwani. Ninyi wa Shela, wa Matondoni, wa Faza, kaeni na BMU yenu, kile kikundi cha usimamizi wa ufuo, muombe pamoja. Nakala zifungwe kwenye mfuko wa plastiki ziwe chomboni. Hapa tuko karibu na mpaka, askari akikuuliza ana haki ya kuuliza.

Mjomba Shee: Sasa twende kwenye kufunga, maana hapo ndipo watu wanapoharibu.

Khadija: Anza wewe na mlingoti.

Mjomba Shee: Mafundi kutoka bara wakija hutaka kuifunga antena kileleni mwa mlingoti. Kwenye boti ya faiba, sawa. Kwenye mashua ya tanga, haifai. Foromali yetu, ule mti unaobeba tanga, inapanda kupita mlingoti, na ukipindua tanga inazunguka yote, kamba na kila kitu. Antena itavunjika siku ya kwanza. Mimi nimeisimamisha tezini, nyuma ya chombo, kwenye boriti nyembamba ya mkoko. Mti hauli mawimbi, na tanga haliifikii.

Khadija: Na antena yenyewe msichague kwa urefu. Iko ya mita 1 hivi, dukani wanaiita ya desibeli 3, na iko ya mita 2 na nusu, ya desibeli 6. Ile ndefu huyabana mawimbi yawe kama sahani nyembamba, ifike mbali. Inafaa boti kubwa isiyoyumba. Mashua ikilala upande kwa kusi, sahani ile upande mmoja inapiga maji, upande wa pili inapiga mawingu. Kwa chombo kinachoyumba chukua ile fupi. Fundi wa duka atakushangaa. Mwache ashangae.

Mjomba Shee: Nilidhani waninunulia ya rahisi.

Khadija: Nilikununulia inayofaa, mjomba. Pesa iliyobaki tuliitia kwenye waya, na hapo nitakaa kidogo. Waya unaotoka redioni kwenda antena uko mwembamba, unaitwa RG-58, na uko mnene, RG-213. Ukiweka mita 10 za ule mwembamba, wati 25 zinaingia na kama 16 zinatoka. Zile 9 zimeliwa njiani, zimekuwa joto. Ule mnene unakupa kama 20. Na sauti inayokuja nayo inapungua kwa kadiri hiyo hiyo. Kwa hiyo usinunue mita 10 kama 5 zinatosha, na waya uliobaki usiukunje nyuma ya redio. Ukate.

Mjomba Shee: Na ile plagi.

Khadija: Plagi ndiyo adui wa kwanza Lamu. Chumvi. Ichomwe lehemu vizuri, isikazwe kwa koleo tu, kisha izungushiwe utepe wa mpira, ule unaojishika wenyewe ukiuvuta. Nimefungua plagi za watu nikakuta kutu ya kijani hadi ndani ya waya, na mwenyewe anasema redio imezeeka. Redio ni nzima! Ukishafunga, mwombe fundi akupimie mawimbi yanayorudi. Kipimo kinaitwa SWR. Kikisoma 1.5 au chini, mshukuru Mungu. Kikisoma 3, usibonyeze tena mpaka ujue kasoro iko wapi. Na usibonyeze kamwe redio isiyo na antena. Nguvu inarudi ndani na kuunguza.

Mjomba Shee: Dira nayo. Spika ya redio ina sumaku. Kuna mtu aliitundika kando ya dira, akashangaa kaskazini yake imehama. Itenge mita nzima, uwashe, uzime, uangalie sindano.

Khadija: Umeme ni mfupi. Waya mnene kutoka betri, fyuzi upande wa chanya, karibu na betri. Ikisikiliza tu inakula nusu ampea au chini ya hapo. Ikisema kwa wati 25 inavuta kama 5 au 6. Ndiyo maana redio inayosikia vizuri usiku kucha hujizima pale unapobonyeza kuita: betri ilikuwa imechoka na hukujua. Ya mkononi iwe na alama ya IPX7, maana yake inastahimili kuzama mita 1 kwa nusu saa. Ukirudi nyumbani isuuze kwa maji matamu, uikaushe vile vidoti vya kuchajia.

Mjomba Shee: Kuhusu kusema. Simu unampigia mtu mmoja, na akiwa amelala, ndiyo basi. Redio humwita kila mwenye masikio. Kwa hiyo chaneli 16 iachiwe wito na shida. Mkishasikiana, hameni. Vyombo kwa vyombo tumieni 6, au 72, au 77. 70 msiiguse kwa kusema, hiyo ni ya mashine kwa mashine.

Khadija: Ndiyo inayotumiwa na kile kitufe chekundu chini ya kifuniko. Redio ikishapewa namba yake ya tarakimu 9, za Kenya huanza na 634, na ikaunganishwa na GPS, ukikishikilia kwa sekunde chache inatuma namba hiyo na mahali ulipo. Watu wananunua redio hizo na hawaombi namba. Kitufe kinakuwa pambo.

Mjomba Shee: Na kwa mdomo: mayday mara tatu, jina la chombo mara tatu. Kisha uko wapi, umepatwa na nini, mko watu wangapi. Taratibu. Bonyeza, hesabu moja, ndipo useme, la sivyo neno la kwanza linakatika. Nimewafundisha hata wapishi wangu, kwa sababu siku hiyo nahodha anaweza kuwa ndiye aliyeanguka majini.

Khadija: Mahali useme kwa namba za GPS, au kwa masafa kutoka mahali panapojulikana. "Karibu na pale tulipovua juzi" haitamfikisha mtu.

Mjomba Shee: Saa hiyo, mwanangu.

Khadija: Saa 4. Tuko chaneli 72. Amekubaliana nasi aanze na ya mkononi, kisha ahamie ile ya tezini, mahali hapo hapo, nje ya Shela kama kilomita 15. Naongeza sauti.

[Mkwaruzo. Sauti inakatika: "...fisi, ofisi... mimi... ova."]

Khadija: Hiyo ni ya mkononi. Mashua, hapa ofisi. Nakusikia kwa kukatika. Hamia ya tezini, ova.

[Mkwaruzo unakwisha. Sauti ya kijana, safi: "Ofisi, hapa mashua. Sasa je? Nasikia mpaka dirisha linavyogonga huko kwenu. Ova."]

Mjomba Shee: Nipe kisemeo. Mashua, hapa nahodha. Nakusikia kama umekaa hapa mkekani. Umepata nini, ova?

[Sauti: "Changu na tewa, mjomba. Na ile boriti haijatikisika. Ova."]

Mjomba Shee: Kaza ile kamba ya chini kabla hujarudi, kusi bado itapanda. Nakusikiliza tena saa 6, ova.