Nani anapuliza, nani anapulizwa: kivumishi "inspirational"

Ndugu wasikilizaji, kivumishi cha Kiingereza "inspirational" kimejaa kwenye mabango ya semina na barua za kuomba kazi, na wengi wetu tunakikosea pale pale. Tuanzie kwenye mzizi.

Kilatini kina kitenzi spirare, kupumua. Kikitanguliwa na in- kinakuwa inspirare, kupuliza ndani. Katika Biblia ya Kilatini, Mwanzo 2:7, Mungu anapompulizia mtu pumzi ya uhai, kitenzi kilichotumika ni hicho hicho: inspiravit. Kiingereza kilikipata kupitia Kifaransa cha kale, pamoja na maana yake ya kidini. Madaktari nao wamebaki na maana ya mwili: kwao "inspiration" ni kuvuta hewa. Mkia wa -al ulikuja baadaye sana, karne ya 19.

Kiswahili cha kanisani kina picha hiyo hiyo: uvuvio, kutokana na kuvuvia, kupuliza makaa mpaka yawake. Na hapa sarufi yetu inatusaidia kuliko kamusi yoyote. "Inspired" ni aliyevuviwa, yule aliyepulizwa. "Inspiring" na "inspirational" ni mwenye kuvuvia, yule anayepuliza. Sikilizeni hiyo -w- ya kutendwa. Mwalimu akiandika "I am an inspired teacher", anajisifu kwamba yeye mwenyewe ana kipaji kilichoshushwa. Alichotaka kusema ni kwamba anawatia wanafunzi ari, na hiyo ni "inspiring". Lakini "an inspired choice" ni sahihi kabisa: uamuzi wenyewe unaonekana kama umeshushwa, jinsi ulivyofaa.

Baina ya hayo mawili ya kuvuvia pia kuna tofauti, ingawa hata wenyeji wa lugha huichanganya. "Inspirational" mara nyingi hutaja aina: vitabu vya rafu fulani, hotuba za namna fulani. Kitabu kinaweza kuwekwa kwenye rafu hiyo na kisimguse hata msomaji mmoja. Ukisema "inspiring" unatoa ushuhuda kwamba kimekugusa.

Katika kutafsiri, "hamasa" inatumika mno. Asili yake ya Kiarabu ni ari na ushujaa, hivyo inafaa kwa mhamasishaji jukwaani. Shairi la maombolezo halihamasishi. Liite lenye kugusa moyo. Na filamu ikiandikwa "inspired by a true story", usiseme "inasimulia kisa cha kweli". Sema imechochewa na kisa cha kweli, maana mtunzi amejiachia nafasi ya kubuni.