Saipresi Inayokauka Uani: Itibiwe au Ikatwe?

Mabibi na mabwana, karibuni.

Mtu akiona saipresi yake inakauka, huuliza dawa. Mimi naomba aanze kwa kuuliza kama mti wenyewe una uwezo wa kurudi. Mgrevilea ukiufyeka matawi yote, mvua zikinyesha unachipua. Saipresi haina tabia hiyo. Tawi likishabaki gome tupu halitoi jani tena, hata ulimwagilie maji na kulimwagia samadi. Kwa hiyo tunahesabu kijani kilichobaki.

Lakini msikimbilie shoka. Majani ya ndani, karibu na shina, kukauka na kudondoka ni kawaida, kwa sababu yamekosa jua. Cha kutisha ni ncha za matawi kugeuka rangi ya kutu, au upande mzima kukauka. Hapo chukua kisu, kwangua gome la tawi, sehemu ndogo kama ukucha. Ukikuta ubichi wenye unyevu, tawi li hai. Ukikuta kahawia kavu, sogea kuelekea shinani ukwangue tena, mpaka uone uhai unapoanzia.

Mhalifu anayejulikana zaidi kwetu ni kidukari wa saipresi, mdudu mdogo sana. Alionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 alikuwa ameshaingia Tanzania na Kenya. Ana rangi ya gome lenyewe, kwa hiyo wengi hawamwoni. Wanachokiona ni sisimizi wakipanda na kushuka, na masizi meusi juu ya majani. Mate yake ni sumu kwa mti, ndiyo maana kundi dogo hukausha tawi kubwa. Uzio wa saipresi wa kimo cha mtu unaokoleka: vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji katika lita moja, nyunyizia hadi ndani, rudia baada ya wiki moja. Mkiona vidukari waliovimba na kukauka, wenye tundu mgongoni, acheni kupulizia. Hao wameliwa na nyigu mdogo anayetufanyia kazi bure. Mti wa mita 15 bomba la mgongoni haliufikii. Ukishapoteza zaidi ya nusu ya kijani chake, mimi ningeukata.

Kidonda cha kuvu ni kisa kingine. Gome linadidimia, linapasuka, utomvu unachuruzika. Kikiwa kwenye tawi, kata sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye kidonda kuelekea shinani, mahali ambapo tawi ni zima, na kila baada ya mkato futa msumeno kwa spiriti, la sivyo unahamisha ugonjwa kwa mkono wako. Kikiwa kwenye shina, pima kwa futi ya fundi cherehani. Shina la mzingo wa sentimita 120 ambalo kidonda kimezunguka 60 kati ya hizo limekwisha kuhukumiwa. Dawa ya kupaka juu haiingii kulikojificha kuvu.

Hatari kubwa kuliko zote haionekani juu. Fukua udongo pale shina linapoingia ardhini, bandua gome kidogo. Ukikuta utando mweupe unaonukia uyoga, mizizi inaoza. Mti huo kateni hata kama bado ni wa kijani, maana upepo hauangalii majani, unaangalia mizizi. Udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja wa shina ni onyo la leo leo: watoto na magari waondoke hapo kwanza.

Shina likilia tupu ukiligonga kwa nyundo, fundi atoboe kwa keekee nyembamba apime unene wa mbao ambayo haijaoza. Shina la kipenyo cha sentimita 60 linahitaji angalau sentimita 10 za mbao isiyooza pande zote.

Mkishaamua, msingoje ukauke kabisa. Mti mkavu matawi yake huvunjika bila taarifa, na fundi hana pa kufunga kamba kwa usalama. Kama kimo chake kinaifikia nyumba, ushushwe vipande vipande kutoka juu. Nyaya za umeme zikiwa karibu, shirika la umeme lizime kwanza. Kuhusu kibali, ulizeni ofisi ya misitu kabla ya kukodi chenso.

Kisiki cha mti uliooza mizizi king'olewe pamoja na mizizi minene, vichomwe. Pandeni hapo mahindi kwa misimu michache kabla ya kufikiria mti mwingine.